Nimeweka Linux kwenye laptopu ya mtumba hapa Mtwara: waifai iliyogoma, saa iliyorudi nyuma na mengine

#1 Kinyago cha Mpingo

Wakuu, habari za jioni.

Miaka yote humu nimekuwa mtu wa kusoma na kupita. Leo nalipa deni. Karibu kila nilichotumia nilikiokota kwenye nyuzi za watu, ila nyuzi nyingi zimeandikwa na watu wenye intaneti isiyokwisha na umeme wa uhakika. Mimi ni mwalimu wa shule ya kata, Mtwara vijijini, bando langu nalihesabu. Kwa hiyo hii ni Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows) ya huku kwetu.

Laptopu yenyewe: mtumba, Core i3 kizazi cha 5, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, betri inakaa dakika arobaini ikijitahidi. Niliinunua msimu mmoja mama alipouza korosho vizuri. Ilikuwa na Windows 10. Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Yangu haimo. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, akasema anapiga Windows 11 ya kulazimisha kwa 25,000. Nikamuuliza, itadumu? Akanijibu, "Ikileta shida unarudi." Nikaelewa kwamba huko kurudi ndiko biashara yenyewe.

Nikaamua Linux Mint, toleo la Xfce, kwa sababu ni jepesi na sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (Linux nyingine) na masasisho yake yanakwenda hadi 2029. Hapo nitakuwa nimeshapata hela ya laptopu nyingine, Mungu akijalia.

Faili la kupakua ni kama GB 3. Nililipakua usiku kwa bando la usiku, likakatika mara mbili. Asubuhi kivinjari kikasema limekamilika. Nisingejisumbua kulikagua ningepoteza siku nzima, maana halikuwa zima. Ukiwa bado ndani ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda ulikohifadhi faili, andika:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

(weka jina halisi la faili lako). Utapata msururu wa herufi na tarakimu. Linganisha na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika, usilitumie. Mara ya pili nilipakua kwa torenti (faili linakuja vipande vipande kutoka kwa watu wengi). Ikikatika, inaendelea ilipoishia, na vipande vinajikagua vyenyewe.

Flashi ya GB 8 inatosha. Programu ya kuandikia ni Rufus. Kumbuka kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Nasema hivi kwa sababu nilifuta picha za harusi ya dada yangu, na mpaka leo sijamwambia.

Kabla ya kugusa chochote fanya mambo mawili ndani ya Windows. La kwanza, toa nakala ya vitu vyako vyote, uviweke nje ya laptopu. La pili, zima ile Fast Startup. Windows ikiwa nayo, unapobonyeza kuzima haizimi kabisa, inajilaza tu, na Linux ikija inakuta diski imefungwa nusu, inakuruhusu kusoma bila kuandika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Na kama laptopu yako ina BitLocker (kufuli la diski la Windows), hakikisha una ufunguo wake wa kuokolea mahali salama. Usiende bila huo.

Kisha nikapunguza patisheni (sehemu ya diski) ya Windows kwa Disk Management, nikaacha GB 100 wazi, nikawasha kupitia flashi. Kitufe kinategemea mashine: HP wengi ni F9, Dell na Lenovo wengi ni F12. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo usikimbilie kuisimika. Kaa humo nusu saa: jaribu sauti, kamera, kibodi, touchpadi, na zaidi ya vyote waifai.

Mimi waifai niliiona, nikaridhika, nikaanza kusimika. Katikati ya kunakili umeme ukakatika. Betri yangu mnaijua. Mashine ikazima puu! Nilikaa gizani natazama kioo cheusi kama mtu aliyefiwa. Umeme uliporudi Windows ikawaka kama kawaida, kwa sababu kisimikaji kilikuwa hakijafika kwenye hatua ya kubadilisha kiwashio. Nikarudia kesho yake nikiwa kwa rafiki mwenye sola. Somo nililolipata: kama betri imekufa, usisimike chochote jioni.

Saa nyingine ndogo ikapita, Mint ikawaka. Nyepesi kweli. Sasa ndipo vituko vikaanza. Nakunywa maji kwanza, naendelea chini.

#2 Mropoka Ovyo

Nipo siti ya mbele na ming'oko yangu. Mwalimu endelea, ila ungemwambia dada kuhusu picha kwanza.

#3 Kinyago cha Mpingo

😀 Mkuu hilo liache.

Kituko cha kwanza: waifai. Simu nikiiweka juu ya kibodi, laptopu inaona hotspoti. Nikisogeza simu hadi mlangoni, haioni kitu. Kwenye Windows, mashine ileile ilikuwa inashika mtandao wa ofisi ya mkuu wa shule kutoka darasani. Nikadhani nimeua kadi.

Fungua terminali (dirisha la amri la Linux), uliza mashine ina kadi gani:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Yangu ikajibu Realtek RTL8723BE. Nikaunganisha simu kwa waya wa USB (intaneti ya simu kwa waya inakubali mara moja, hii ndiyo roho ya uzi huu, ishikeni), nikatafuta. Kumbe kadi hii ina matundu mawili ya antena, na kwenye laptopu nyingi limechomekwa moja tu. Draiva (programu inayoiendesha kadi) ya Linux inabahatisha tundu la kusikilizia, na ikiangukia lile tupu, unakuwa kama mtu anayesikiliza redio isiyo na antena. Kadi haina ubovu wowote. Unaiambia tu sikio lipo upande upi:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya. Yangu ilitoka kijiti kimoja hadi vinne. Nilitembea na laptopu hadi kwenye mkorosho wa uani, bado imeshika.

Kituko cha pili: saa. Nimemaliza kazi kwenye Mint, nikazima, nikawasha Windows kuchukua faili fulani. Jua linawaka, wanafunzi wako mapumziko ya saa nne, Windows inaniambia ni saa moja asubuhi. Ingekuwa imepishana masaa sita ningesema imesoma saa za Kiswahili. Haya matatu yametoka wapi?

Yametoka Greenwich. Kila laptopu ina saa ndogo ndani inayotembea hata ukiizima. Windows inaamini saa ile ni ya hapa ulipo. Linux inaamini ile ni ya UTC (saa ya Greenwich), halafu inajumlisha masaa matatu yetu ya Afrika Mashariki. Kila mmoja akiamka anairekebisha ifuate imani yake. Suluhu rahisi ukiwa na mifumo miwili ni kuiambia Linux ikubali ya Windows:

timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock

Ukiwa na Linux peke yake, usiguse.

#4 Karani Tandahimba

Mwalimu shikamoo, uzi mtamu. Mimi nipo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), msimu wa mnada ukianza nalala na Excel. Laptopu yangu ni Dell, nimewasha Mint kwa flashi kama ulivyosema, waifai haipo kabisa. Si kwamba ni dhaifu, HAIPO. Ile amri yako imenijibu Broadcom BCM43142. Nifanyeje? Na je, majedwali yangu yatafunguka?

#5 Fundi Chuno

Karani, nikujibu hilo la waifai maana nimeshakutana nalo mezani mara nyingi.

Broadcom hiyo inatumia draiva isiyo huria, kwa hiyo haiji imewashwa. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwenye simu, fungua Driver Manager ya Mint, itakuonyesha draiva ya Broadcom, chagua, thibitisha. Dakika chache tu.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa draiva zisizoidhinishwa) imewashwa kwenye mashine yako, wakati wa kuweka draiva utaulizwa utunge nywila. Watu wanaandika chochote, wanasahau. Ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu yenye maneno MOK, mtu anaogopa, anabonyeza Continue haraka ipite. Basi draiva inakataliwa, waifai haipo, anaanza kuilaani Linux. Ile skrini ndiyo mlango wenyewe. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kubali, andika ile nywila uliyotunga, washa upya. Maana yake umeiambia mashine kwamba draiva hii umeiruhusu wewe mwenye nyumba. Ikishakupita, njia rahisi ni kuondoa draiva na kuiweka upya, mara nyingi skrini itarudi.

Na nyie wenye diski za kuzunguka: kabla hamjaisifu Linux kwa wepesi, wekeni SSD (diski isiyozunguka). Nimebadilisha watu diski hapa, wengine wakadhani nimewapa laptopu nyingine. Kwa mashine ya kizazi cha 5 hakuna shilingi utakayoitumia vizuri kuliko hiyo, hata ukibaki na Windows yako.

#6 Kinyago cha Mpingo

Fundi nimekuelewa, SSD ya GB 240 nimeagiza Dar, inakuja na basi.

Karani, marahaba. Kuhusu Excel nakupa ukweli wote. Mint inakuja na LibreOffice, na Calc yake inafungua faili za xlsx bila shida. Jumla, wastani, IF, VLOOKUP, zote zinafanya kazi. Mimi natengenezea matokeo ya kidato cha nne, madaraja na nafasi, inatembea. Ila kuna mambo mawili.

Moja, kama mwenzako alitumia XLOOKUP, toleo la LibreOffice linalokuja na Mint 22 ni la 24.2, na XLOOKUP iliingia kwenye 24.8. Utaona kosa kwenye seli zote na utadhani jedwali limekufa. Ama badilisha iwe INDEX na MATCH, ama weka toleo jipya kutoka Flatpak (njia nyingine ya kupata programu), lakini hilo linakula bando, usilifanye kwa simu yenye MB 500.

Mbili, makro. Kama jedwali lenu lina vitufe vya kubonyeza vinavyojijazia, hiyo ni VBA (lugha ya makro ya Microsoft), na LibreOffice inaielewa nusunusu. Lijaribu kwa nakala kabla ya msimu. Likigoma, bakiza Windows pembeni kwa kazi hiyo moja. Hakuna aibu. Hela za wakulima si mahali pa kujifunzia.

#7 Pweza wa Ferry

Mimi nina steshenari, naongea kwa upande wangu.

Kilichonileta Linux si Windows kuisha, ni flashi za wateja zenye virusi. Mtu anakuja kuprinti barua ya maombi ya kazi, ukichomeka flashi folda zote zimegeuka shortcut, zako nazo zinafuata. Kwenye Linux unafungua ileile flashi, unabonyeza Ctrl na H kuonyesha vilivyofichwa, unaziona folda halisi zimekaa kimya hapo na yale mafaili ya ajabu pembeni yake. Unanakili za mteja, unafuta takataka. Kuna mama alilia akiona tasnifu ya mwanawe imerudi. Akaniletea samaki.

Kinachosumbua ni barua kuhama. Mteja kaandika kwa Calibri, kwako mstari wa mwisho unaruka ukurasa wa pili, sahihi inabaki peke yake kule. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, lakini kuna mbadala zenye upana uleule wa herufi, Carlito na Caladea. Weka:

sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Times New Roman na Arial mbadala wake, Liberation, upo tayari. Tangu niweke hizo, kurasa zinakaa.

Printa: za HP nyingi zinajitambua zenyewe. Epson za wino wa tangi ukiweka printer-driver-escpr mara nyingi unamaliza. Canon LBP2900 inatumia lugha yake iitwayo CAPT, hiyo inahitaji draiva ya kutafuta na uvumilivu. Kama ndiyo printa yako ya kula, ijaribu kwanza kabla hujafuta Windows.

#8 Babu wa Mingoyo

Wanangu, nawasoma tu hapa Lindi nacheka. Mnalalamikia GB 3?

Mwaka 2007 nilikuwa nafundisha shule moja huku. Nikiwa Dar kwa semina, nikaingia internet cafe, nikajaza fomu ya ShipIt. Hao Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure dunia nzima, hata posta hulipi. Mwanzilishi wao Mark Shuttleworth ni wa Afrika Kusini, na jina lenyewe Ubuntu ni utu, halikuhitaji kutafsiriwa kwangu. Nilishasahau, ndipo siku moja karani wa shule ananiita, kuna bahasha yako kwenye sanduku la barua, imetoka Ulaya. Shule nzima ilijua mwalimu kaandikiwa barua na wazungu. Mle ndani CD kadhaa, na vibandiko.

Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa na RAM ya MB 256, ilikuwa inawaka mpaka unapika chai. Lakini iliwaka. ShipIt waliifunga 2011.

Na kabla ya hapo, 2004, vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux walishatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Watu wengi hawajui kwamba ilikuwepo. Nilikuwa nawafundishia wanafunzi "hifadhi" na "hariri" na "chapa" wakaelewa upesi kuliko kwa Kiingereza.

#9 Kinyago cha Mpingo

Shikamoo babu. Hiyo ya bahasha imenikosha.

Umenikumbusha: ukaguzi wa tahajia wa Kiswahili upo mpaka leo. Weka

sudo apt-get install hunspell-sw

kisha kwenye LibreOffice chagua lugha ya maandishi iwe Kiswahili. Mistari myekundu chini ya kila neno inaondoka. Si mkali sana, viambishi virefu vinamshinda, lakini kwa mitihani ya Kiswahili umeniokoa na "waliokuwepo" niliyokuwa naikosea kila muhula.

#10 Binti Masasi

Habari zenu kaka zangu. Mimi niliweka Mint mwezi uliopita, ikawa nzuri. Juzi umeme umekatika natumia (laptopu yangu haina betri kabisa), leo nikiwasha inanipeleka kwenye skrini nyeusi, maandishi meupe, mwisho imeandikwa initramfs na kishale kinapepesa. Nimezima na kuwasha mara kumi. Nina ripoti ya mafunzo kwa vitendo humo, inatakiwa Ijumaa. Naombeni msaada, sitanii.

#11 Mropoka Ovyo

Pole dada. Rudi Windows 😂

#12 Fundi Chuno

Mropoka, kaa pembeni kidogo.

Binti, ripoti yako haijaenda popote, tulia. Umeme ulipokatika mashine ilikuwa inaandika kitu, mfumo wa mafaili ukabaki haujakamilisha hesabu. Sasa inakataa kuwaka mpaka ukaguliwe. Tazama mistari ya juu ya skrini hiyo, kuna mahali imetaja jina la patisheni, kitu kama /dev/sda2 au /dev/sda5, na pengine imekuambia "run fsck manually". Ukiliona hilo jina, andika hapohapo:

fsck -y /dev/sda5

ukiweka jina la kwako badala ya langu. Ile -y inamaanisha jibu ndiyo kwa kila swali. Mistari itakimbia mingi, usiogope, usizime. Ikimaliza andika exit, bonyeza Enter. Kama haikuendelea, andika reboot.

Kama haikutaja jina, andika exit tu kwanza. Mara nyingi ndipo inapoonyesha.

#13 Kinyago cha Mpingo

Dada Binti, na ikikataa kabisa, bado una njia: washa kwa ile flashi uliyosimikia, fungua diski yako kutoka humo, nakili ripoti kwenye flashi nyingine. Flashi ya Mint usiiazimishe wala usiifute. Mimi yangu nimeifunga kwa gundi ya karatasi nikaandika DAWA.

#14 Binti Masasi

Ilikuwa sda3. Imekimbiza mistari mpaka nikaanza kusali. IMEWAKA. Ripoti ipo. Fundi, Mungu akuzidishie, na mwalimu pia. Naituma kwenye barua pepe yangu sasa hivi kabla sijapumua.

#15 Fundi Chuno

Amina. Tafuta betri hata ya mtumba. Isipokaa zaidi ya dakika kumi bado inatosha, kazi yake ni kukupa nafasi ya kuzima vizuri.

#16 Karani Tandahimba

Mrejesho: MOK imekubali, waifai inapiga. Jedwali la AMCOS limefunguka, vitufe vya makro vimekufa kama mwalimu alivyotabiri, kwa hiyo nimeacha Windows pembeni.

Swali langu sasa ni bando. Nilipowasha masasisho mara ya kwanza simu imelia, GB 1 imeondoka. Ofisini tuko watatu tunataka kuhamia. Kila mtu apakue yake?

#17 Kinyago cha Mpingo

Hapana. Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri mtu aulize, maana hapa shuleni tuko walimu wanne tunakula chungu kimoja.

Mmoja wenu apakue kwa apt-get, si kwa apt. Zinafanana lakini apt ikimaliza kuweka inafuta vifurushi ilivyopakua, apt-get inavibakiza. Kwa hiyo kwenye mashine ya kwanza:

sudo apt-get update
sudo apt-get upgrade

Ikimaliza, nenda /var/cache/apt/archives, utakuta mafaili yote yanayoishia na .deb. Yanakili kwenye flashi. Kwenye mashine ya pili yamwage kwenye folda hiyohiyo kwa sudo:

sudo cp *.deb /var/cache/apt/archives/

Kisha endesha zile amri mbili. Orodha itapakuliwa kidogo, lakini vifurushi ikivikuta vipo tayari inavitumia, haivipakui tena. Sharti wote muwe na toleo lilelile la Mint, na msipishane siku nyingi. Sisi tunafanya Jumamosi moja kwa mwezi. Anayenunua bando anabadilika kwa zamu, wengine watatu wanachangia chai.

Pia fungua mipangilio ya Update Manager, punguza inavyokagua masasisho yenyewe, isije ikaanza uko kwenye hotspoti ya simu na bosi anakupigia. Ila usiyazime moja kwa moja. Tuliikimbia Windows 10 kwa sababu masasisho yameisha, itakuwa kichekesho tukija huku tukayakataa.

Na kabla ya masasisho makubwa piga picha ya mfumo kwa Timeshift, imo tayari. Kitu kikivurugika unarudi jana. Nyaraka zako haizihifadhi kwa mpangilio wake wa kawaida, hizo ni juu yako.

#18 Pweza wa Ferry

Mwalimu, hii ya .deb sikuwa naijua miaka yote. Nimejiona mjinga wa kutosha leo.

Kwa wenye RAM GB 4 niongeze: sudo apt-get install zram-config. Inabana vitu ndani ya RAM badala ya kuvitupa kwenye diski. Nikiwa na Firefox kurasa sita na LibreOffice, zamani mashine ilikuwa inaganda mteja anasimama ananitazama. Sasa inapumua.

#19 Mzaramo wa Mtwara

Wakuu, mimi hiyo terminali ndiyo inanitisha. Hakuna njia ya kubonyezabonyeza?

#20 Kinyago cha Mpingo

Ipo kwa mambo mengi: programu, draiva, masasisho, printa, vyote vina madirisha yake. Mimi hapa nimeandika amri kwa sababu amri inanakilika, dirisha siwezi kukubandikia.

Ila hofu yako naijua. Umeshaona watoto wa hapa lipiko (mcheza ngoma aliyevaa kinyago) likitoka kucheza? Wanakimbia hadi wanavuka barabara. Halafu siku moja mmoja anaona viatu chini ya lile vazi, anagundua ni mjomba wake. Siku ile ndiyo mwisho wa kukimbia. Anza na amri zisizobadilisha chochote: free -h uone RAM, df -h uone diski, lspci uone vilivyomo ndani. Angalia viatu kwanza. Ile yenye sudo mbele ndiyo ya kusoma mara mbili kabla ya Enter, hata kama umepewa na mimi.

#21 Binti Masasi

Nimerudi. Ripoti nimekabidhi. Sasa nimemwekea mdogo wangu Mint kwenye laptopu yake, tumemwachia na Windows, kadi ni hiyohiyo RTL8723BE. Nimeweka ant_sel=2, bado haishiki. Nikajaribu ant_sel=1, imeshika mpaka kwa jirani. Wanaopita hapa wajue, jaribuni zote mbili.

Ila ananiuliza mbona Windows yake inasema saa tatu asubuhi wakati tumeshakula mchana.

#22 Mropoka Ovyo

Posti namba 3, dada. Hata mimi nimeisoma.